Mate ya Bibi

Nilipokuwa mtoto, huku Meru, enzi za Wadachi, yaani Wajerumani, mtu hakuanza jambo kubwa bila kutemewa mate na mzee wake. Najua wapo watakaosoma haya wakakunja pua. Wakunje tu. Kinyaa chao ni kidogo kuliko changu, na changu nitakieleza.

Siku nilipopelekwa shule ya bweni ya misheni, Bibi alinisindikiza mpaka kwenye uwanja wa shule. Akapiga funda la maziwa, akanitemea kwenye paji la uso na kifuani, ili nikae salama na nirudi salama. Kusema kweli mate yale yalinuka ugoro, tena yalitiririka hadi kwenye nyusi. Lakini nilisimama wima, maana ndiyo ilikuwa kinga yangu kati ya watu nisiowajua.

Mwalimu wetu alikuwa Mmeru mwenzetu, aliyekulia migombani kama sisi, ila yeye alikuwa na viatu. Hakumwamkia Bibi. Alinivuta mbele ya wanafunzi wote, akanisugua uso kwa sabuni ya kufulia mpaka ngozi ikawaka, kisha akawauliza, "Mate ni nini?"

"Uchafu!" wakaitikia.

Bibi hakufoka. Alisema tu kwa Kimeru, "Anayefuta mate ya mzee atakuja kuyaomba." Wakacheka. Mimi nililia, kwa kuwa niliamini naingia bwenini bila kinga yoyote.

Masika hayo mtoto mchanga wa mwalimu akashikwa na homa, dawa za misheni zikashindwa. Jumamosi moja nikiwa nimeruhusiwa kwenda nyumbani, nilimwona mwalimu akipenya migombani kwa njia ya nyuma, amempakata yule mtoto. Akainamisha kichwa mbele ya Bibi.

"Shikamoo, mama. Nakuomba, asife."

Mimi ningemfukuza. Bibi alipiga funda la maziwa, akamtemea mtoto. Mwalimu hakufuta hata tone. Alimfunika vizuri, akachungulia kama kuna mtu njiani, akaondoka.

Homa ikashuka. Kama ni mate, ni dawa au ni Mungu, sijui mpaka leo.

Jumatatu, bila haya, mwalimu yuleyule akasimama darasani. "Mate ni nini?" Wenzangu wakaitikia kama kawaida. Mimi nilifumba mdomo, naye alijua kwa nini. Alinichapa viboko mpaka nikashindwa kukaa.

Nilipomsimulia Bibi, nilitegemea amlaani. Aliuliza tu, "Mtoto ananyonya?"

"Ananyonya."

"Basi."

Yeye aliishia hapo. Watu huniambia mavi ya kale hayanuki, lakini kwangu haya bado yananuka. Sasa nami ni bibi, wajukuu huniinamishia vichwa niwatemee, na moyo kama ule wa Bibi sijaupata. Nikimkumbuka mwalimu yule mate hunijaa kinywani, na si ya baraka.