Suti Niliyoipakata Hadi Iguhu

Kwenye ndege ya Kisumu niliipakata suti yangu kama mtoto mgonjwa, isije ikakunjika. Ningeivaa nikifika Iguhu, kwa wazazi wa mchumba wangu, siku ya kupeleka mahari. Mlangoni mama mkwe aliipokea kwa mikono miwili.

“Asante, mwanangu. Mzee anaulizanga hii tangu asubuhi.”

Nikadhani mzee ndiye mwenye pasi ya kuinyoosha. Nilikaa na fulana yangu, nikishangaa kwa nini akina mama wanaimba na hakuna anayenionyesha mahali pa kubadilisha nguo.

Kisha baba mkwe akatoka ameivaa. Alitia mkono mfukoni, akakuta hotuba yangu, akawasomea wageni wote: “Baba, nisamehe, koti lako la mahari bado sijanunua.”