Mwamba wa moto, simiti ya haraka, na siku niliyomburuta shemeji

Wakuu, poleni na kazi. Haya ninayoandika niliyaona kwa macho yangu, na sina haja ya kuyapamba. Aliyefanya kazi nami atanisahihisha.

Kwanza mnijue. Mimi ni wa Meru, shule nimesomea Kaaga. Diploma ya ujenzi nilijisomesha mwenyewe kwa kupakia ndizi kwenye malori. Hakuna mjomba aliyenishika mkono. Baadaye nikaenda migodi ya kusini mwa Afrika, chini sana ardhini, ambako ukuta wa mwamba unachoma. Niliporudi nikajenga mtaani Dallas, pale Embu. Wanaosema diploma si kitu wapite waone ghorofa.

Tuendelee.

Nikapewa usimamizi wa handaki la maji ya mashamba, upande wa chini wa Meru, karibu na chemchemi ya maji vuguvugu. Tulipochimba ndani kidogo, ukiweka kiganja ukutani unakitoa bila kuambiwa.

Mwamba ukishachimbwa hupulizwa simiti kwa mpira wa presha ili usianguke. Wenye kazi tunaiita shotcrete. Ndani yake huwekwa dawa ya kuifanya ishike haraka.

Mshika mpira alikuwa Nyaga, wa Manyatta, kule Embu. Fundi mzuri, siwezi kumnyima. Shida ni kwamba alijifunzia kazi handaki la juu mlimani, kwenye baridi, ambako bila dawa nyingi simiti inateleza chini kama uji. Akaja na kipimo kilekile kwenye mwamba wa moto.

Shida ya pili: Nyaga ni kaka mkubwa wa mke wangu. Baba yao hayupo, kwa hiyo yeye ndiye aliyepokea mahari yangu. Wa kwetu mnaelewa. Mtu kama huyo ni muthoni, mkwe wa heshima. Humfokei, humgusi, humkosoi mbele ya watu, hata kama wewe ndiye bosi.

Basi nikawa nasema naye kupitia Kirimi, mwendesha kompresa. Tumesimama watatu, ungetuzungushia shuka moja.

"Kirimi, mwambie muthoni wangu dawa imezidi."

"Kirimi, mwambie Diploma simiti imeshika kabla hajamaliza kuongea. Anataka ishike vipi, kwa maombi?"

Kirimi akageuka kwangu. "Amesema..."

"Nimesikia."

Vijana wakacheka. Mimi nikamwacha apulize, kwa sababu ya mahari.

Hapa nieleze kidogo. Aliyewahi kukandika nyumba ya udongo anajua: ukipaka udongo kwenye ukuta uliokauka kwa jua, ukuta unanyonya maji na udongo unabanduka. Mwamba wa moto unafanya hivyohivyo. Simiti inakauka upande wa nyuma kabla haijaushika mwamba. Kwa nje unaona ugumu, kumbe ni ganda tu. Dawa ikizidi, ndiyo mbaya zaidi.

Na usidhani suluhisho ni kumwaga maji baridi ya mto. Mwamba wenye joto ukipozwa ghafla unapasuka wenyewe.

Asubuhi iliyofuata Nyaga alitaka kuingia kupuliza tabaka la pili. Nikatangulia na nyundo, nikawa nagonga ukuta. Mlio mzito, mzito. Nikafika juu kwenye kona, ukatoka mlio wa debe tupu.

"Kirimi, mwambie muthoni asisimame hapa."

"Kirimi, muulize Diploma kama huko kusini walikuwa wanajenga au wanapiga ngoma."

Akasimama palepale, akafungua mpira.

Changarawe mbili zikamdondokea kwenye helmeti. Akainua uso kuangalia zimetoka wapi.

Wakuu, sikumtafuta Kirimi. Nilimshika mshipi, nikamburuta kinyumenyume kama gunia la viazi, nikimwita jina ambalo siwezi kuliandika humu. Tulianguka wote wawili. Kipande cha simiti cha ukubwa wa mlango kikaja chini pale alipokuwa amesimama, kikauzika mpira.

Nikainuka.

Nikakigeuza kile kipande. Mgongo wake ulikuwa mkavu, una vumbi, haujashika hata punje ya mwamba.

Nyaga alikitazama sana. Halafu akasema, "Kirimi, mwambie muthoni apange hiyo dawa anavyotaka."

Tukabandua yote. Tukaingiza hewa mwamba upoe polepole, tukaulowesha kwa maji ya chemchemi ileile, dawa tukapunguza, na simiti tukaitunza ibaki na unyevu baada ya kupuliza. Nikagonga kila mahali. Handaki linapitisha maji mpaka leo. Kazi yangu hiyo.

Ila habari ya kuburutwa ilifika Manyatta kabla yetu. Kikao kikakaa. Nikaeleza joto, nikaeleza simiti, nikataja diploma mara mbili. Wazee wakasema vizuri sana, umeokoa mtoto wetu, na mbuzi utaleta, kwa sababu ulimshika mkweo kiunoni na kumtukana.

Nilipeleka. Nyaga ndiye aliyekula mafigo.

Nilichojifunza: kipimo cha mahali pa baridi kiache huko huko, na ukuta uuulize kwa nyundo, usiuulize kwa macho. La pili ni kwamba mbuzi yule simjutii.

Mliofanya kazi kwenye mwamba wa moto, mlikuwa mnaupoza vipi? Na kama kuna mwingine aliyewahi kumburuta mkwe, aseme alitozwa nini.