Picha Tulizotoka Nazo Kalembe

Siku tulipokimbia Kalembe, mume wangu alibeba watoto, mimi nikabeba sitidio. Sitidio yenyewe ilikuwa chumba kimoja kando ya barabara, nilikopiga picha za komunyo, za ndoa, za maziko, na za wasichana waliotaka tu kujiona wakiwa wamependeza. Kwenye mteremko wa matope niliteleza, na ordinateri, kompyuta yangu ya kazi iliyokuwa mgongoni, ikagonga jiwe. Ndani yake disiki ilivunjika. Lakini tumboni, chini ya kitenge, nilikuwa nimefunga disiki nyingine, ya nje, yenye nakala ya kila kitu. Hiyo ilifika Muheto nami.

Muheto tulipokelewa na wakulima waliotupa chumba walichokuwa wakihifadhia maharage. Watu wengi wa Kalembe walikuwa wamefika huko na nguo walizovaa tu. Jumapili, baada ya ibada, niliomba ruhusa nikasimama mbele.

"Manyumba imeungua," nikasema, "lakini mafoto yenu yote iko. Hakuna hata moja ilipotea."

Watu walipiga makofi. Nilirudi kwenye benchi nimejaa fahari, kana kwamba ni mimi niliyeuokoa mji.

Kati ya waliokuja kunishika mkono alikuwa mzee mmoja tuliyemwita Papa, mkulima wa kilima cha juu ya Kalembe. Binti yake alikuwa amefariki akijifungua, kabla vita havijatufikia. Nilikuwa nimempiga picha sitidioni: amekaa, amesimama, amegeuka nyuma akicheka. Zile za karatasi alizokuwa nazo Papa ziliungua pamoja na nyumba.

"Mutoto wangu, ile ya kucheka pia iko?"

"Iko, Papa."

Mume wangu alikuwa dereva wa mfanyabiashara mmoja wa Butembo, mwenye duka pale Muheto. Kwa njia hiyo nilipata disiki ya kuweka ndani ya ordinateri badala ya ile iliyovunjika. Duka lilikuwa na gurupu, jenereta ya umeme, na fundi, mwanaume mpole wa Butembo, aliyetengeneza maredio na masimu. Siku ya kurudisha picha, watu walianza kufika asubuhi. Wakakaa kwenye mabenchi, wengine wakasimama mlangoni.

Fundi alifunga disiki mpya, akaunganisha ile ya nakala, akaanzisha kazi. Mashine ikakataa. Akajaribu tena, ikakataa.

"Mama," akaniambia kwa sauti ya chini, "hii mupya iko na nafasi nusu ya ile ya zamani. Haiwezi kumeza yote."

"Si tuache zingine kwenye ile ya nakala?"

Akaniinulia disiki ya nakala hadi sikioni. Kitu kilikuwa kinagonga ndani yake, kikinyamaza, kikigonga tena. "Hii nayo iko inakufa. Pengine iliumia siku ulianguka. Tuifungue, tuchukue dosye moja moja. Uanze na ile iko na lamana zaidi, ile hutaki ipotee."

Watu hawakuwa wamesikia. Nilinyoosha kidole kwenye skrini. "Anza na hii."

Ilikuwa harusi yangu. Familia ya mume wangu ilikuja kutoka Butembo na magari, na kamera tatu zilirekodi tangu asubuhi hadi jua kuzama, hata watu wakila, hata watu wakisubiri kula. Sikuwahi kupata muda wa kuikatakata iwe fupi. Katika mafolda yote, hakuna dosye iliyokuwa kubwa kama hiyo. Ningependa kusema nilifikiri kwanza, lakini kidole kilienda chenyewe.

Kazi ilikwenda polepole. Mama mmoja wa benchi ya mbele akauliza, "Sasa iko inapitisha za nani?"

"Iko vitu vya kazi," nikajibu. "Bila hivyo zingine hazitafunguka."

Uongo huo ulitoka laini, kana kwamba nilikuwa nimelala nao.

Ilipomaliza, fundi alitaka kuhakikisha imeingia vizuri. Akafungua video moja. Nyimbo za harusi zikalijaza duka, na kwenye skrini nikatokea mimi, gauni jeupe, mdomo wazi, nikilishwa keki.

Hakuna aliyenitukana. Ningefurahi kama wangenitukana. Yule Mama wa benchi ya mbele alitazama, akasema, "Dada, ulikuwa muzuri kweli," na katika sauti yake hamkuwa na kejeli hata kidogo. Uso uliniwaka hadi masikioni. Nikatafuta pa kuzima sauti, nikakosa, keki ikaendelea kuliwa. Papa alikuwa amesimama mlangoni, kofia mkononi.

"Na sisi, mutoto wangu, tutabakia na nafasi?"

"Futa," nikamwambia fundi.

"Yote, Mama?"

"Yote. Pitisha za watu."

Kisha nikatoka nje. Sikuweza kukaa mbele ya macho yale. Nilijificha nyuma ya duka, karibu na gurupu, mahali ambapo kelele ingenizuia kusikia wakinisema. Kama ningebaki ndani, ningemwambia aanze na za Papa. Fundi, asiyejua habari hizo, alianza mwanzo wa orodha akateremka: komunyo, maziko, ndoa. Picha za sitidioni zilikuwa chini kabisa. Aliponifuata nje, nilisoma habari usoni mwake. Disiki ya nakala ilikuwa imenyamaza. Aliichomoa, akaipumzisha, akaiunganisha upya. Hakukuwa na kitu.

Wengi walipata zao, wakanishukuru, na kila asante ilinikata. Papa alisubiri hadi wote walipoondoka.

"Papa, ya binti yako haikuingia."

"Ile ya kucheka?"

"Hata moja."

Alivaa kofia yake. "Umetembea nazo mbali," akasema. "Asante." Akaenda zake.

Nyumbani mume wangu aliuliza kuhusu harusi. Nilimweleza yote, hata ule uongo. Akasema, "Basi," na hakuitaja tena.

Baada ya hapo nilianza kupekua picha zilizookoka, nikitazama si waliokaa mbele bali waliosimama nyuma. Hatimaye, katika komunyo ya mtoto wa familia nyingine, nilimwona yule binti kwenye kona, amebeba mtoto wa mtu, amefumba macho nusu kwa sababu kamera ilimkuta akipepesa. Nilimkuza hadi uso ukaanza kuvunjika vipande vipande, nikarudi nyuma kidogo, nikaichapa.

Papa alikuwa amehamia Kibabi kwa ndugu zake. Nilipanda lori la mume wangu nikamfuata. Aliishika ile karatasi kwa mikono miwili, akaipeleka kwenye mwanga wa mlango, akakaa nayo.

"Njo yeye, ni yeye," akasema. "Lakini macho yake haikukuwa vile."

"Najua, Papa."

Akamwita mkewe alete viazi. Nilikula vyote nilivyopewa, nikitazama sahani.