Magoti ya Mgombea

Mama Viraka hakuwa mtu wa siasa, wala wa kubembeleza mtu. Miaka thelathini nyuma ya cherehani ilimfundisha kuzisoma suruali: dereva huchakaza matakoni, fundi bomba magotini, na mlevi popote alipoangukia.

Siku hiyo shemeji yake, mpiga debe wa mgombea urais, alimletea suruali tatu za bosi wake zitiwe viraka. Alipokuwa akingoja, akawageukia wateja waliokaa barazani.

"Nchi haiwezi kupewa mtu asiye na dini!" akanguruma. "Mpinzani wetu hata kuomba hajui. Wetu sisi anapiga magoti asubuhi, mchana na jioni. Mungu anamjua kwa sauti!"

"Na huwa anavaa hizi hizi?" akauliza Mama Viraka.

"Hizo hizo, shemeji! Mwaka wa tano huu, hana nyingine. Mtu wa watu!"

Mama Viraka akazigeuza moja moja. Magotini kitambaa kilikuwa kipya kama kimetoka dukani jana. Matakoni kilikuwa kimelika kikabaki nyuzi. Akainua moja dirishani, na mwanga ukapita kama kwenye chujio.

"Basi huyu anaomba amekaa," akasema. "Tena amekaa sana."

Baraza zima likaangua kicheko. Shemeji akanywea. Kisha akamwinamia Mama Viraka sikioni.

"Shemeji," akanong'ona, "kuyachakaza hayo magoti utachukua siku ngapi? Jumamosi tuna mkutano."