Funga Mlango, Baridi Inaingia

Namba ya kwanza kunitisha Marekani ilikuwa themanini na mbili. Ilikuwa inawaka kwenye kidude cheupe ukutani, sebuleni kwa Wakongo watatu walionipa godoro kule Haltom City. Shule niliiacha kidato cha pili, lakini jambo moja la sayansi sikulisahau: maji huchemka nyuzi mia. Nikauliza kama nyumba inaungua.

"Hapa nyuzi haiko nyuzi, ndugu," akaniambia mkubwa wao, mtu wa Uvira tuliyepakia naye mizigo ghalani. "Toa makumi tatu, gawa na mbili. Utapata ya kwetu. Na usiguse ile clim. Iko muzee. Ukiilazimisha, inalia maji."

Clim ndivyo wanavyokiita kiyoyozi. Nikapiga hesabu nikapata ishirini na sita. Joto la kawaida tu, la kwetu. Tulilala vifua wazi, feni miguuni, nikaamini kwamba Texas nzima hulala hivyo wakati wa kiangazi.

Mimi sikai mahali. Nikishajua barabara za mji zinakwenda wapi, nyayo huanza kuniwasha. Kwa hiyo dada yangu, binti wa mama mkubwa, aliponipigia simu mwezi wa Agosti kutoka Katy, magharibi ya Houston, sikuhitaji kubembelezwa. Mama yake alikuwa amefika kutoka Taveta, na sasa hataki kutoka chumbani.

"Hali, hacheki, hasemi," dada akaniambia. "Wewe ndiye anayekusikiliza. Njoo."

Nilipofungua mlango wa nyumba yao nilirudi nyuma. Nje lami ilikuwa laini kwa jua. Ndani nilidhani nimeingia chumba cha kuhifadhia nyama. Namba ukutani: sitini na sita. Toa thelathini, gawa kwa mbili. Kumi na nane! Shemeji yangu, mtu mnene aliyezaliwa na kulelewa kwenye ukungu wa Limuru, alikuwa ameketi kochini kwa raha zake, na fulana nyepesi.

"Karibu Limuru," akanicheka. "Huku ndani tunapumua hewa ya binadamu."

Watoto wao walikuwa wanakula aisikrimu huku wamejifunika blanketi. Niliwatazama mara mbili nihakikishe. Dada ni nesi wa zamu ya usiku, mchana hulala, na anasema bila baridi usingizi haumjii. Basi nyumba yote ikawa inalala naye.

Mama mkubwa nilimkuta kitandani na sweta mbili, soksi, na kofia ya sufu iliyovutwa mpaka kwenye nyusi. Huyu ndiye aliyenilea, mwanamke aliyekuwa akipalilia mahindi saa saba ya mchana huku anaimba. Alikuwa anatetemeka mpaka meno yanagongana.

"Homa imenifuata, mwanangu," akasema. "Imepanda ndege nami."

Alikuwa amekwisha kumeza dozi nzima ya dawa za malaria alizobeba kwenye mkoba, na alikuwa ameanza nyingine. Dada alikuwa amempeleka kupimwa damu, ikaonekana safi, lakini mama mkubwa hakusadiki. Madaktari wa hapa, akasema, homa wameisoma tu, haijawahi kuwalaza.

Nikamgusa kipaji cha uso. Kilikuwa baridi kama soda iliyotoka kwenye friji.

"Mama mkubwa, huna homa. Ni AC hii."

"AC gani inayoingia mpaka kwenye mifupa? Nikatieni tiketi. Nataka kufia Taveta, mahali penye joto."

Alilisema kama mtu anayeagiza chumvi. Dada alikuwa amengoja miaka kumpata mama yake chini ya paa lake, na sasa mama yuko hapa, anaomba kwenda kufa.

"Kwa nini hupandishi ile namba ukutani?"

"Nilipandisha. Nikakuta imeshushwa. Nikapandisha tena. Sasa ukibonyeza kinakuonyesha kufuli." Akashusha sauti. "Mkwe wangu amefunga."

"Basi mwambie akufungulie."

Alinitazama kama niliyemwambia atoke barabarani bila nguo. "Mimi? Nimwombe mkwe joto? Nyumbani kwake?"

Mama mkubwa ni mtu wa zamani. Yeye na mkwe wake hawakai kochi moja. Mkwe akipita, yeye hupisha. Wakitaka kuambizana jambo, humtuma mtu. Shida ya mwili ndiyo kabisa, haitajwi. Nikamwahidi kwamba dada akiamka nitamweleza yeye, na kwa sasa naenda dukani kumtafutia tangawizi ya chai.

Sikukawia. Nilipokata kona kurudi, niliona gari la shemeji limeegeshwa juani mbele ya gereji, madirisha yote juu, na kichwa kimoja ndani. Nikadhani mwizi. Nikasogea. Kichwa kilikuwa kimevaa kofia ya sufu.

Nilivuta mlango. Hewa iliyonipiga usoni ilikuwa ya tanuri. Kishikizo kiliniunguza vidole. Mama mkubwa alikuwa amekaa kiti cha nyuma, mikono mapajani, macho nusu yamefumba, na usoni ana tabasamu ambalo sikuwa nimeliona tangu nifike.

"Funga mlango, mwanangu," akasema polepole, ulimi mzito. "Baridi inaingia."

Nje, nilikosimama mimi, jasho lilikuwa linanitiririka mpaka kiunoni. Yeye uso wake ulikuwa mkavu, mwekundu kwa joto. Hapo ndipo niliposhtuka kwelikweli. Mtu wa Taveta asiyetoka jasho ndani ya gari lile!

Nilipiga kelele sijui nilisema nini. Dada alitoka usingizini akakimbia miguu mitupu juu ya saruji inayochoma. Tulimbeba mpaka sebuleni. Dada akamvua sweta, akambandika vitambaa vya maji shingoni na kwapani, huku anatetemeka yeye sasa.

"Mama! Watu wanakufa hivi huku! Kila kiangazi tunawapokea! Ulikuwa unafanya nini?"

"Naota jua," mama mkubwa akajibu, macho yamefumba. "Na sasa mnanirudisha kwenye friji."

Alipoanza kutoka jasho, dada alikaa sakafuni akalia kwa sauti. Shemeji alikuwa amesimama kwenye korido, simu mkononi. Nikamweleza lile la kufuli.

"Nilidhani ni watoto wanakichezea," akasema. "Nilikifunga kwa simu. Wallahi nilidhani ni watoto."

"Wallahi" ya Mkristo wa Limuru. Siku nyingine ningecheka.

Kutoka koridoni mpaka kwenye kochi si mbali, lakini hawakuzungumza. Walipitia kwangu.

"Mwambie Mama nimefungua. Aseme anataka ngapi."

"Mwambie mkwe wangu mimi namba za hapa sizijui. Anipe joto la Voi."

"Voi! Mwambie nitayeyuka. Nampa Nairobi."

"Nairobi ya mwezi gani? Ile ya Julai akae nayo mwenyewe."

"Mwambie ya Februari."

"Ya Februari, saa ya mchana," mama mkubwa akasema. Nikaona midomo ya dada inacheka na machozi bado yapo.

Namba ikawekwa sabini na tano. Dada alihamia chumba cha nyuma akanunuliwa kiyoyozi chake cha dirishani, ajigandishe humo peke yake. Dawa za malaria tulizificha. Kesho yake mama mkubwa alikula ugali, na sweta moja ikabaki kitandani. Suala la tiketi, hata hivyo, halikufutwa. "Tuone," ndilo jibu lake kila dada alipouliza, na dada akawa anahesabu kila sweta anayoivua.

Mimi nikaondoka kwenda Richardson, nikafagia maofisi huko. Nikarudi Katy Januari. Ilikuwa siku ya upepo wa kaskazini, mabomba ya nje yamefungwa matambara yasipasuke kwa barafu. Nikafungua mlango na joto likanikumba kifuani. Nikatazama ukutani: sabini na nane. Nikapiga hesabu tena, nikidhani nimekosea. Nyumba ileile iliyokuwa Limuru mwezi wa Agosti, sasa imepita Voi. Shemeji, aliyewasha hita mwenyewe, alikuwa kochini, kaptura na miguu mitupu, anajipepea na gazeti.

Mama mkubwa akatoka jikoni amejifunga leso moja tu kifuani, mabega wazi, jasho puani. Kumbe kwa siku kadhaa alikuwa akisimama karibu na kile kidude akijifunza namba. Akaitazama, akamtazama mkwe wake, halafu, bila kunituma mimi wala mtu yeyote, akasema naye.

"Mkwe wangu. Kumbe nyumba hii inajua kupika joto."

Shemeji akaketi wima kama mwanafunzi.

"Ndiyo, Mama."

"Sasa mwezi wa Agosti mlitaka kuniua kwa nini?"

Gazeti lilisimama hewani. Dada alitokeza kichwa mlangoni. Mimi nilikuwa bado nimeshika begi langu.

"Mama," shemeji akasema, "naapa hata mimi sijui."

Mama mkubwa akatikisa kichwa, akavuta kiti, akaketi chumba kimoja naye.

"Basi Agosti ikija," akasema, "namba nitaweka mimi."