Baba Zuhura Anabisha Hodi Kwake

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa kiti kirefu, kisikilizio cha kichwani na onyo. Kilikuwa kiwanda cha mafuta ya kula, Chang'ombe, nami nilijiona mjanja kwa kuwa nimemaliza kozi ya simu. Afisa Utawala, mzee mkavu asiyecheka, alinionyesha swichibodi: safu za taa ndogo, kila taa na idara yake. Taa ikiwaka, unaitika, kisha unamuunganisha mtu na anayemtaka. Pembeni palikuwa na kitufe chekundu cha spika za kiwanda, za kuitia watu kwenye kelele za mashine.

"Binti, sauti za watu zitapita kwako," aliniambia. "Wewe usiingie kwenye mambo yao."

Nilijitahidi. Nikapelekwa ofisi za Mikocheni, nikaunganisha wakurugenzi wasiojua kusema tafadhali, kisha nikarudishwa Chang'ombe. Mume nilimpata kwenye laini: Athumani, mkaguzi wa ubora, sauti nzito ya kusini, anayesalimu kwanza hata kama tangi linavuja. Nilipenda sauti kabla ya sura, na sura nilipoiona nikasema si haba. Tukaoana, tukampata binti yetu Zuhura.

Mambo yaliharibika alipokataa kupitisha mafuta mabovu. Meneja Uzalishaji hakumfukuza, heri angemfukuza. Aliwaambia watu wa ukumbi wa mashine wasimwitikie. Basi. Athumani akisalimu, kimya. Akiuliza kitu, mtu anatazama ukuta ulio nyuma yake. Chai ikigawiwa, anarukwa. Wapo waliomwonea huruma, lakini mikataba yao ilikuwa mkononi mwa meneja.

Mimi nilijua kwa taa. Simu za mkononi tuliziacha getini, kwa hiyo alinipigia kwa simu ya mezani kwake.

"Unanisikia?"

"Nakusikia, Baba Zuhura."

Anakata. Baadaye hata swali hilo likaisha. Taa inawaka, naitika, nasikia pumzi tu, na nyuma yake mashine.

Jioni moja nyumbani kwetu Temeke nilisikia hodi. Nikaitika karibu, nikajua ni mgeni. Akaingia mume wangu. Nikacheka. "Wewe nawe, unabisha hodi kwako?"

Hakucheka. Aliketi mkekani, akaniuliza polepole, "Mama Zuhura, mie naonekana?"

Kesho yake tena hodi, na siku zilizofuata. Mara moja nilikuwa uani nafua, sikumsikia. Nilipokuja mbele nilimkuta amesimama kizingitini, viatu mkononi, anangoja. Paka wetu alikuwa amelala katikati ya mlango, hata sikio halikutikisika. Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa. Mume wangu alikuwa anatoweka huku namtazama.

Asubuhi yake nilibonyeza kitufe chekundu.

"Bwana Athumani Nangomwa, meza ya ukaguzi. Habari za asubuhi?"

Chumba changu kilikuwa na kioo cha kutazama ukumbini. Watu waliganda. Walitazama spika, walitazamana, meza ya ukaguzi hakuna aliyeitazama. Taa yake haikuwaka. Nikarudia, safari hii na jina la babu yake pia, na moyo ulinidunda mpaka nikadhani spika zitautangaza.

Taa ikawaka. Nikaunganisha laini yake na spika. Sauti yake ikatoka juu ya vichwa vyao, imekauka, kama mtu aliyetoka kuumwa.

"Nzuri. Nipo."

Kisha bibi mmoja wa kufungasha chupa akageuka, akamtazama usoni. Niliyaona maneno midomoni mwake: "Tunakuona, kaka."

Meneja Uzalishaji alikuja mbio. "Mama, hizo spika za kazi!"

"Nami namwita mkaguzi wa kazi, bosi. Au wewe humwoni?"

Aligeuka, akarudi ofisini kwake. Nilimwita Athumani kila asubuhi, mpaka wenzake wakawa wanamsalimu kabla yangu. Alifanya kazi hadi akastaafu, na mafuta mabovu hakuyapitisha.

Sasa sote tumestaafu, tuko Madale. Wajukuu wananicheka: kazi gani hiyo, ya kupokea simu za watu? Nawaambia ilikuwa kazi ya kuitika. Swichibodi sijui iko wapi, labda imeuzwa chuma chakavu. Lakini mume wangu mpaka leo anabisha hodi kwenye nyumba aliyoijenga mwenyewe. Nami naitika, niwe jikoni, niwe bafuni na povu machoni.

Majuzi nilichelewa msibani. Nilipofika giza lilikuwa linaingia. Mlango wetu ulikuwa wazi kabisa, ufunguo wake ukining'inia kitasani, na Baba Zuhura amesimama nje, viatu mkononi.

"Umesimama tangu saa ngapi?"

"Nimebisha," alisema. "Hakuna aliyeitika."

Nikampita, nikaingia mimi kwanza. Nikawasha taa, nikamgeukia.

"Karibu, Baba Zuhura."

Ndipo akaingia.