Bonde Nililoliruka kwa Hatua Moja

Jioni ile uwanjani pa shule tulikuwepo wanne, mwanangu, na nawataja wote ili ujue nani alikuwa nani. Bibi Mboni, mama mzazi wa baba yangu, ndiye aliyenilea. Zaina binti Hoza, jirani yetu wa upande wa bondeni. Wao Waislamu, sisi Walutheri, na kula tulikula sahani moja. Mwalimu Rajabu, kijana wa Kigoma aliyeletwa kutufundisha, ambaye baridi ya Lushoto ilimtesa hadi akawa anavaa makoti mawili. Na mimi, Foibe. Baba yangu Elieza hakuwepo, alikuwa kwenye kazi ya mkonge kule Mazinde. Na mama yangu, Damari, hakuwepo vilevile. Habari hii ni yake.

Nakumbuka uhuru ulikuwa bado mpya, na kila mkutano tuliambiwa ujamaa na kujitegemea. Shule yetu ilikuwa juu ya Soni, haina hata ramani ya ukutani. Mwalimu Rajabu akasema, basi tutaitengeneza wenyewe, tena ya kukanyagwa. Tukachukua majembe na karai. Udongo mwekundu tuliutoa kwenye ngema, tukaufinyanga milima ya Usambara, mirefu ya kunifika kiunoni. Barabara ya Mombo tuliimwagia kokoto. Chini, kwenye nchi ya joto, tukaweka mchanga, na pale Mazinde tukapanda miche ya mkonge ya kweli. Upande wa mashariki tukachimba bonde la Lwengera, na ng'ambo yake tukainua milima mingine, yenye Zirai. Zirai tulichomeka majani ya iliki.

Sharti la mwalimu lilikuwa moja tu. Unayekanyaga mahali, useme pana nini. Ilikuwa raha, mwanangu! Zaina aliteleza akitoka Soni kwenda Mombo akakalia Mazinde, akaruka juu akipiga kelele.

"Haya, Zaina, Mazinde pana nini?" mwalimu akamuuliza.

"Pana miiba, mwalimu!"

Tulicheka mpaka mwalimu mwenyewe akakaa chini.

Zamu yangu ilipofika sikupita Soni wala Bumbuli. Nilisimama kijijini kwetu, nikakusanya gauni, nikakimbia juu ya milima, nikaliruka bonde la Lwengera kwa hatua moja, nikatua Zirai.

"Zirai pana nini, Foibe?"

"Pana mama yangu."

Hakuna aliyecheka. Mwalimu alikuwa mgeni, hakujua. Wenzangu walijua. Mama alikuwa mtu wa Zirai. Baba yake alipofariki habari ilifika asubuhi, na mama hakungoja baba yangu arudi kutoka Mazinde ampe ruhusa, wala hakumngoja mkwewe ampangie mtu wa kumsindikiza. Alijifunga kanga akaenda kuzika. Aliporudi baada ya matanga, bibi alimsimamisha nje. Alimwambia, umeondoka humu bila kuaga, basi rudi hukohuko ulikoona ni kwako. Mimi nilikuwa mdogo, na kwetu mtoto ni wa upande wa baba, kwa hiyo nikabaki. Tangu siku hiyo jina la mama halikutajwa nyumbani. Nilikuwa nimeanza kuisahau sauti yake, na hilo ndilo lililokuwa likinitisha usiku na mchana.

Kumbe ramani ile ilinidanganya, au niseme nilijidanganya nayo. Kila mapumziko niliruka bonde nikasimama Zirai. Nikajiambia, si mbali hivyo. Nikaanza kuweka akiba, viazi vitamu vilivyochemshwa na ndizi mbivu, nikavifunga kwenye kitambaa nikaficha nyuma ya mtungi. Nilimwambia Zaina tu: kesho siendi shule, naenda kwa mama.

Zaina hakuwa na kifua cha siri, Mungu amrehemu, na siku ile nashukuru hakuwa nacho. Alikwenda moja kwa moja kwa bibi.

Nilidhani nitachapwa. Bibi alikuja hadi shuleni jioni ile, wakati watoto wameshatawanyika, Zaina nyuma yake akiwa ameinamisha kichwa. Mkononi alikuwa na furushi langu la viazi. Mwalimu alimpa shikamoo, naye akaitikia vizuri, kisha akaitazama ramani.

"Hii ndiyo nchi yetu?" akauliza.

"Ndiyo, bibi. Karibu uikanyage."

Bibi alivua ndara. Akanitwika furushi kichwani, akanishika mkono.

"Mndee," akaniambia, ndivyo tunavyomwita binti kwa Kishambaa, "nasikia una safari. Twende nikusindikize. Soni ni wapi?"

Nikamwonyesha.

"Umefika Soni. Unamwamkia nani?"

Nikainua mguu niendelee.

"Utapita Soni kama mbuzi aliyekata kamba? Soni yuko Mama Zubeda anayeuza mboga, binti wa rafiki yangu. Mwamkie."

"Shikamoo, Mama Zubeda," nikauambia udongo.

Zaina akaziba mdomo kwa kucheka. Bibi akamgeukia. "Na wewe mwenye kucheka, itikia! Wewe ndiye Mama Zubeda."

"Marahaba, mwanangu," Zaina akasema kwa sauti nzito ya mama muuza mboga. "Nyanya hununui?"

Tukaendelea hivyo. Bumbuli alinipa Shangazi Rebeka, aliyeolewa huko: kwake unalala, unamsaidia kuchota maji, asubuhi ndiye anayekutafutia mtu wa kushuka naye. Chini bondeni akanipa Mzee Singano, ambaye mtumbwi wake huvusha watu mto ukijaa. Kila mahali nilisimama, nikaamkia, nikaeleza mimi ni wa nani. Furushi likaanza kuniuma shingo. Mwalimu Rajabu alikuwa amesimama na makoti yake, akitutazama.

Tulipofika ukingo wa pili wa bonde, mbele yetu milima ya Zirai, bibi akasimama.

"Na huku, bibi, namwamkia nani?"

Bibi aliuachia mkono wangu.

"Huku simjui mtu," akasema. "Nilikuwa nawajua wote. Wakwe zangu, nyumba kwa nyumba. Mimi ndiye niliyefunga njia hii, Foibe. Ukienda peke yako watakuuliza umetumwa na nani, nawe utasema sikutumwa. Itakuwa aibu juu ya mama yako mara ya pili."

Akanitua furushi. Akavaa ndara zake. Nilijua basi, safari imekwisha, na nililia pale juu ya mchanga bila haya.

"Nyamaza," bibi akasema. "Shule ikifungwa tunakwenda wote."

Tulikwenda kweli, na mbuzi mmoja wa kike wa kuombea radhi. Mama Zubeda tulimwamkia, kwa Shangazi Rebeka tulilala. Bondeni maji ya mto yalikuwa haba, tukavuka kwa miguu, lakini bibi alikwenda kwanza hadi mlangoni kwa Mzee Singano kumjulia hali. Zirai tulimkuta mama anaanua iliki kwenye mkeka. Alituona. Mwanangu, mimi nilitaka kukimbia, lakini bibi alinishika bega. Mama alisimama, akapangusa mikono, akapiga goti kwa bibi kabla hajanigusa mimi.

"Shikamoo, mama."

Bibi alimshika mikono akamwinua. "Marahaba, Damari. Nimekuletea huyu. Na mimi nimekuja."

Sauti ile ya mama, ndiyo ileile. Sikuwa nimeisahau.

Hakurudi kwetu; baba alikuwa ameshaoa mke mwingine. Nami nilirudi na bibi, kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Lakini kila shule ilipofungwa nilikwenda, nikiamkia nyumba kwa nyumba. Darasa la nne ndilo la mwisho kwangu, na ramani ile mvua za masika zilishaibomoa. Mama amelala Zirai siku nyingi sasa. Kuna asubuhi naamka nimenusa iliki, na hakuna iliki humu ndani.

Ninachokuambia ni hiki. Wajukuu wananionyesha ramani kwenye simu, wanagusa tu wanafika. Usimfikie mtu kwa kuwaruka watu. Jua majina ya walio njiani, waamkie, wakujue wewe ni wa nani. Na kama kuna mlango ulioufunga wewe, usimtume mtoto akaugonge. Nenda mwenyewe, mwenye kukuitikia angali hai.

Mungu akufungulie njia, akupe wa kukukaribisha kila unapochoka, na uwapendao uwakute nyumbani.

Kama yupo aliyesoma nasi pale juu ya Soni, na akaona nimekosea, pengine aliyevusha watu hakuwa Singano bali ndugu yake, basi aje anisahihishe. Nipo. Nitafurahi hata akija kunibishia.